Dirisha la luva linalojipanga lenyewe: mwongozo kamili wa kutengeneza familia ya Revit

Kabla hujawasha kompyuta, nenda kwa seremala ukamuulize swali moja: kati ya vipimo vya dirisha hili, kipi kinaamua na kipi kinafuata?

Jibu lake ndilo litakalojenga familia yako, yaani kielelezo cha dirisha ndani ya Revit, programu ya kuchora majengo, kinachobadilika kwa vipimo unavyokipa. Ukienda kununua luva za vioo, zile fremu za chuma au alumini zenye vishikio, unanunua kwa idadi ya vioo. Fremu ya vioo saba ina urefu wake na ya vioo nane ina wake, na katikati hakuna kitu. Hapo idadi ndiyo inayoamua, urefu wa dirisha unafuata. Luva za mbao zilizochomekwa moja kwa moja kwenye miimo ni kinyume chake. Seremala anapima uwazi uliopo, anagawa nafasi, kisha anachora alama za mifereji kwa penseli. Hapo urefu unaamua, na idadi inafuata. Ukichanganya haya mawili utapata familia inayopendeza kwenye skrini lakini haitengenezeki karakana.

Katika mwongozo huu tunatengeneza dirisha la luva za mbao zisizofunguka, la aina inayofaa sana nyumba za pwani: upepo unapita, mvua na macho ya wapita njia yanabaki nje. Nimelichagua kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachosumbua kwenye vigezo, yaani thamani za familia unazoweza kuzibadilisha: pembe, mpangilio wa kurudia, fomula zinazotegemeana, na kipande kinachoishi ndani ya kipande kingine. Nachukulia kwamba Revit unaifahamu kiasi cha kuchora ukuta na kuweka mlango. Majina ya vitufe nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyaone haraka.

Chora kwanza kwenye karatasi

Chukua karatasi uchore mkato wa dirisha ukilitazama kwa ubavu. Weka fremu juu na chini, kisha luva mbili tatu zilizolala kwa pembe, ukingo wa nje ukiwa chini. Andika herufi kwenye kila kitu kinachoweza kubadilika, halafu jiulize kwa kila kimoja: hiki nitakiandika mwenyewe, au kitatokana na vingine?

Kwenye dirisha letu, nitakavyoandika mwenyewe ni vichache. Upana wa ubao wa luva ni milimita 75 na unene wake 12. Pembe kutoka mlalo ni nyuzi 45. Fremu ina milimita 50. Mwingiliano, yaani kiasi ambacho luva moja inaifunika ya chini yake ukitazama kwa usawa, ni milimita 12. Ukiongeza urefu na upana wa dirisha lenyewe, basi. Mengine yote ni hesabu.

Watu wengi huruka hatua hii. Wanaanza kuchora umbo kwanza, kisha wanatafuta mahali pa kupachika vigezo. Matokeo yake ni familia yenye vigezo 30, nusu yake vinagombana, na mtu wa pili ofisini hathubutu kuigusa.

Luva moja kwanza

Kipande kinachorudiwa kinastahili faili lake. Fungua familia mpya kwa kiolezo cha Metric Generic Model na uihifadhi kwa jina Luva_Mbao.

Kwenye plani utakuta tayari kuna mabapa rejea mawili yanayokatana katikati. Bapa rejea, linaloitwa Reference Plane kwenye kitufe, ndiyo mifupa ya familia. Umbo ni nyama tu. Kanuni ya kazi hii haijabadilika tangu nianze: mifupa hufungwa kwenye vipimo, nyama hufungwa kwenye mifupa. Ukifunga kipimo kwenye nyama moja kwa moja, familia itavumilia siku mbili, siku ya tatu itavunjika.

Chora bapa moja kushoto na moja kulia. Weka kipimo kinachopita kushoto, katikati na kulia, ubofye alama ya EQ ili pande mbili zilingane. Weka kipimo cha pili cha kushoto hadi kulia, ukichague, na kwenye Label utengeneze kigezo kipya, Urefu_Luva. Kifanye cha Instance, yaani kila kipande kiwe na thamani yake; cha Type hushirikiwa na vipande vyote vya aina moja. Ukikifanya cha Type utabanwa baadaye pale utakapotaka dirisha kubwa liamuru luva zake ziwe na urefu gani.

Sasa pembe. Usijaribu kuzungusha bapa rejea. Bapa halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo Revit haijui lizunguke kwenye ncha ipi, na utaliona likihama hovyo. Tumia Reference Line, mstari rejea, ambao una ncha mbili. Nenda kwenye mwonekano wa ubavu, chora mstari huo ukianzia pale bapa la katikati linapokutana na Ref. Level, uulaze kwa pembe yoyote. Kisha chukua Align, bana Tab mpaka ncha ya mwanzo iwake, uilinganishe na bapa la katikati na ubofye kufuli. Rudia kwa Ref. Level. Ncha lazima ifungwe pande zote mbili. Ukisahau mmoja, luva itazunguka vizuri mara ya kwanza, na mara ya pili itaondoka mahali pake.

Weka kipimo cha pembe kati ya mstari na Ref. Level, ukipe jina Pembe, nacho kiwe cha Instance. Fungua Family Types uandike 30, kisha 60. Mstari unatakiwa ulale na kuinuka huku ncha ikibaki pale pale. Usiandike 0 wala 90: mistari ikilaliana, Revit hupoteza kumbukumbu ya upande na inaweza kuigeuza luva kichwa chini.

Mstari rejea una mabapa yake ya kuchorea, yakiwemo mawili kwenye ncha zake. Bofya Set, chagua bapa lililo kwenye ncha ya mwanzo, nenda kwenye 3D uanze Extrusion, umbo linalovutwa kutoka kwenye mchoro bapa. Chora mstatili: urefu wake ufungwe kwenye mabapa ya kushoto na kulia, unene upewe kigezo Unene_Luva na ugawanywe sawa juu na chini ya mstari kwa EQ. Umbo litakua kufuata mstari, na ndiyo maana litazunguka pamoja nao.

Luva izunguke kwenye kitovu chake, kwa hiyo nusu ya ubao iende mbele na nusu nyuma. Tengeneza Upana_Luva, kisha viwili vya hesabu:

Nusu_Mbele = Upana_Luva / 2
Nusu_Nyuma = -Upana_Luva / 2

Kwenye Properties za umbo, bofya kitufe kidogo kilicho pembeni ya Extrusion End ukiunganishe na Nusu_Mbele, na cha Extrusion Start na Nusu_Nyuma. Unganisha na Material kwa njia hiyo hiyo, ili dirisha ndilo liamue kama ni mninga au mkangazi.

Jambo moja la mwisho kwenye faili hili. Chagua umbo, fungua Visibility Settings, ondoa alama kwenye Coarse, kiwango cha mchoro chenye maelezo machache. Nyumba ya ghorofa mbili yenye madirisha 40 ya aina hii ina luva karibu 900. Kwenye mchoro wa jumla wa kipimo kidogo hakuna anayezihitaji, na kompyuta itakushukuru.

Dirisha lenyewe

Funga luva, fungua familia mpya kwa kiolezo cha Metric Window. Chagua kile kisicho na urembo wa pembeni, maana ule urembo tutaufuta tu. Ukuta upo tayari, uwazi upo, na Width na Height zimeshafungwa kwenye mabapa. Majina hayo usiyabadilishe. Revit inayatambua, na jedwali la madirisha la mradi wowote litayasoma bila wewe kufanya lolote.

Fremu haina mambo mengi: Extrusion yenye mistatili miwili, mmoja ndani ya mwingine, wa nje umefungwa kwenye mabapa ya uwazi na wa ndani kwenye mabapa manne mapya yaliyo umbali wa Fremu kutoka ukingo. Ongeza pia ubao mwembamba mmoja unaojaza uwazi wa ndani, uonekane kwenye Coarse peke yake, ushike nafasi ya luva tulizozificha.

Sasa fungua Family Types uingize vigezo vya kuandika: Upana_Luva, Unene_Luva, Pembe, Fremu, Mwingiliano. Kisha fomula, na hapa twende polepole.

Kimo_Luva = Upana_Luva * sin(Pembe) + Unene_Luva * cos(Pembe)

Huu ni urefu ambao luva moja inauziba ukiitazama uso kwa uso. Wengi huandika nusu ya kwanza peke yake, ya upana, wakasahau kwamba ubao una unene na unene nao unaziba. Kwa vipimo vyetu ni milimita 61.5.

Hatua_Juu = Kimo_Luva - Mwingiliano
Ukingo = Kimo_Luva / 2 + 4 mm
Mwanzo = Fremu + Ukingo
Njia = Height - 2 * Mwanzo

Hatua_Juu ni umbali mkubwa kabisa unaoruhusiwa kutoka kitovu cha luva hadi kitovu cha inayofuata. Hapa inatoka 49.5. Ukingo unahakikisha luva ya kwanza na ya mwisho haziingii kwenye fremu, na milimita 4 ni nafasi ya kupitisha brashi ya rangi. Njia ni umbali kati ya kitovu cha luva ya chini kabisa na cha juu kabisa. Kwa dirisha la 1200 inatoka 1030.5.

Idadi_Luva = roundup(Njia / Hatua_Juu) + 1
Hatua_Halisi = Njia / (Idadi_Luva - 1)
Urefu_Luva = Width - 2 * Fremu

Idadi_Luva iwe ya aina ya Integer. Kumbuka majina yanatofautisha herufi kubwa na ndogo, na usitumie kistari cha kutoa ndani ya jina, maana Revit itadhani unatoa.

Nataka tusimame kwenye neno roundup, linalopandisha mgao hadi namba nzima inayofuata; rounddown huushusha. Familia yangu ya kwanza ya luva niliiandika kwa rounddown, na nikaijaribu kwenye dirisha la 1200. Njia gawa kwa Hatua_Juu ni 20.8. Rounddown inatoa nafasi 20, luva zinakaa umbali wa 51.5, mwingiliano unapungua kutoka 12 hadi 10. Kwa macho huoni kitu. Nikaridhika, familia ikatumika. Kwenye mradi huo kulikuwa na vipitisha hewa vya milimita 250 juu ya milango. Huko mgao unatoka 1.6. Rounddown ikaufanya 1, yaani luva mbili tu, umbali wa milimita 80 kati yake, wakati kila moja inaziba 61.5. Uwazi wa milimita 19 unapenya moja kwa moja hadi nje. Aliyegundua ni seremala, akiwa na mchoro mkononi na mbao zimeshakatwa. Kwa roundup mgao unakuwa 2, luva tatu, umbali wa 40, na hakuna uwazi. Kosa hili hujificha kwenye madirisha makubwa na kujitokeza kwenye madogo, kwa hiyo kila familia yenye mgao ijaribiwe kwanza kwenye kipimo kidogo kuliko vyote utakavyowahi kuhitaji.

Kupanga luva

Nenda kwenye mwonekano wa mbele. Chora bapa rejea mbili za mlalo, Luva_Chini na Luva_Juu. Ya kwanza iwe umbali wa Mwanzo kutoka bapa la kizingiti, ya pili umbali huo huo kushuka kutoka bapa la juu la uwazi.

Pakia Luva_Mbao, iweke kwenye plani katikati ya dirisha, uilinganishe na kufunga katikati kwa pande zote. Rudi mwonekano wa mbele, linganisha kitovu chake na Luva_Chini, funga.

Sasa kabla ya kufanya kitu kingine chochote, unganisha vigezo. Chagua luva, bofya vitufe vidogo vya pembeni, uunganishe Urefu_Luva, Pembe na mbao yake na vigezo vya dirisha. Upana na unene, kama uliviacha vya Type, unganisha kupitia Edit Type. Fanya haya luva ikiwa bado moja. Ikishaingia kwenye mpangilio inakuwa ndani ya kundi, na kuunganisha kitu kilicho ndani ya kundi ni mateso.

Chagua luva, bofya Array, kitufe cha mpangilio wa kurudia, aina ya mstari ulionyooka. Hakikisha Group And Associate ina alama, namba weka 3, na Move To iwe Last, siyo 2nd. Bofya kwenye Luva_Chini, kisha Luva_Juu. Luva tatu zitajitokeza. Linganisha ya mwisho na Luva_Juu na uifunge, kisha hakikisha ya kwanza bado imefungwa Luva_Chini.

Kwa kuchagua Last umeiambia Revit: ncha mbili hizi, gawa sawasawa katikati. Hivi ndivyo seremala anavyofanya kwa futi na penseli. Hatua_Halisi haihitaji hata kuingia kwenye umbo. Tumeiweka ili isomeke kwenye jedwali.

Chagua luva yoyote, mstari wa mpangilio wenye namba utatokea. Uchague mstari wenyewe, kwenye Label chagua Idadi_Luva. Luva tatu zitageuka 22 mbele ya macho yako. Mimi bado hufurahia sekunde hiyo kila mara.

Kuitikisa

Familia isiyotikiswa haijakamilika. Fungua Family Types, isogeze pembeni uone umbo, kisha badilisha kigezo kimoja kimoja ukibofya Apply kila mara. Height ya 250 itoe luva 3. Ya 600 itoe 10. Ya 1200 itoe 22. Kisha nenda 2100, urudi 250. Kurudi ni muhimu kuliko kwenda, kwa sababu familia nyingi zinavumilia kukua lakini zinavunjika zinaposinyaa.

Badilisha pembe iwe 30 ukiwa kwenye 1200. Luva zinapanda kutoka 22 hadi 31. Kwa dirisha la upana wa 1200 kila luva ina mita 1.1, kwa hiyo umetoka mita 24.2 za ubao hadi 34.1. Kwenye madirisha 40 ni karibu mita 400 za mbao zaidi, kwa uamuzi wa pembe peke yake. Mteja akikuambia anataka luva zilale zaidi ili mwanga uongezeke, sasa una jibu la kumpa akiwa bado amekaa mbele yako.

Ikitokea onyo la Constraints are not satisfied, usibofye Remove Constraints kwa haraka ya kulifukuza. Bofya Cancel, rudi kipimo kilichokuwa salama, kisha fuatilia ni kufuli lipi linagombana na kipimo kipi. Mara nyingi ni kufuli uliloweka bila kujua ulipokuwa unavuta umbo likagusa bapa lingine.

Halafu pakia kwenye mradi mtupu wenye kuta mbili, moja nyembamba ya tofali la inchi 6 na moja nene. Kata mkato kwenye dirisha uangalie luva zinaelekea wapi. Ukingo wa chini uwe nje. Zikielekea ndani, dirisha zima litakuwa mfereji wa kuingiza mvua sebuleni. Kwenye familia rekebisha kwa kugeuza luva ya asili. Kwenye mradi, dirisha lililowekwa kinyume hugeuzwa kwa kubana Spacebar.

Namba zitoke kwenye jedwali

Ukitengeneza jedwali la madirisha sasa, utashangaa Idadi_Luva haionekani. Kigezo cha kawaida cha familia hakitoki nje yake. Ili kisomeke kwenye jedwali, lazima kiwe Shared Parameter, ambacho huhifadhiwa kwenye faili la maandishi na kupewa namba ya utambulisho isiyofanana na nyingine yoyote duniani. Vigezo vya kutoa hivi ni Idadi_Luva, Urefu_Luva, Hatua_Halisi, na kimoja cha ziada kwa ajili ya mkadiriaji majenzi:

Jumla_Mbao = Idadi_Luva * Urefu_Luva

Faili hilo la maandishi lilindwe. Ofisi moja niliyofanya kazi, kila mtu alikuwa na lake kwenye kompyuta yake. Tukawa na vigezo vitatu vyote vinaitwa Idadi_Luva, vyenye namba tatu tofauti za utambulisho, na jedwali likawa na safu tatu, kila moja imejaa theluthi. Tulirudia familia zote usiku wa kuamkia kuwasilisha. Faili liwe moja, kwenye seva, na anayeongeza kigezo awe mtu mmoja.

Ukiwa na saizi nyingi, usizijaze zote ndani ya familia. Tengeneza faili la maandishi lenye jina sawasawa na la familia, liishie kwa txt, ulikalishe folda moja nayo. Mstari wa kwanza unaanza na alama ya mkato (,):

,Width##length##millimeters,Height##length##millimeters
D1,1200,1200
D2,600,600
V1,900,250

Mtu akiipakia familia, ataona orodha na kuchukua anazohitaji tu.

Angalia pia toleo. Familia iliyohifadhiwa kwenye Revit mpya haifunguki kwenye ya zamani, na hakuna njia ya kuirudisha nyuma. Kama mhandisi mnayeshirikiana naye bado anatumia toleo la miaka mitatu iliyopita, tengeneza familia kwenye toleo lake, kisha ninyi mtaipandisha.

Ukishapata jedwali, lichapishe pamoja na mkato mmoja wa dirisha kwa kipimo cha 1:5, ulipeleke karakana kabla mbao hazijaagizwa. Mwombe fundi apige alama za luva kwenye mwimo mmoja kwa kutumia Hatua_Halisi peke yake, kuanzia chini. Alama ya mwisho ikiangukia pale mchoro wako unaposema, mwambie akate.